Jaketi ya povu kwa kebo nyepesi: soma hii kabla hujaharibu gunia la pili

Naandika hii manake maswali ni yaleyale kila wiki. "Fundi, nimeweka dawa ya povu asilimia tatu na kebo imetoka na mabaka kama ngozi ya kenge." "Fundi, povu linatoka zuri kwenye dai, likifika majini linasinyaa." "Kaka, mbona uzito haupungui?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa voisi nikiwa juu ya boda natoka Namanve, kule viwandani nje ya Kampala, usiku, sasa nimechoka, naandika yote mara moja na ukiniuliza tena nakutumia hii.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Jaketi ni lile ganda la nje kabisa la kebo. Si insulesheni, yaani ile plastiki inayogusa shaba yenye umeme. Hilo ndo onyo la kwanza na ni kubwa kuliko yote yanayofuata: usichukue maelezo haya ukatengeneza waya wa nyumba wa volti 240 wenye povu mahali pa insulesheni. Insulesheni ya povu ipo, kebo koaksia za antena zinayo, lakini ile ni kazi nyingine na inataka mashine nyingine. Hapa ni ganda tu, na mfano wangu ni kebo ya faiba, ile nyembamba nyeusi inayotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani kwa mteja, manake ndo wengi mnaanza nayo.

Faida yake ni ipi? Polithini yetu yote inatoka nje, inashuka Mombasa, inapanda lori mpaka mpakani Malaba, unailipia kwa dola. Ukiweza kujaza sehemu ya tano ya ganda kwa gesi umeokoa pesa, na kebo inakuwa nyepesi, kijana anayepanda nguzo anaivuta bila kutukana mtu, na nguzo zenyewe mnazijua zilivyobebeshwa, nyingine ukiitazama kutoka barabarani unadhani kiota cha korongo. Hasara nayo ipo: povu linakwaruzika haraka, na nguvu ya kuvutwa inashuka zaidi ya uzito unavyoshuka. Kwa hiyo mi kila anayeanza namwambia alenge kupunguza asilimia 15 mpaka 20, basi. Anayekwambia ametoa asilimia 40 kwenye ganda la milimita moja, mwambie akuletee ulikunje.

Nadharia ni ndogo tu. Chupa ya soda iliyotikiswa, ikiwa imefungwa huoni povu lolote, gesi imeyeyuka ndani kwa sababu kuna presha. Fungua kifuniko, presha inaanguka, povu linatokea kila mahali kwa mpigo. Ekstruda (mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma kwa skrubu) ndo chupa, gesi inatoka kwenye dawa ya povu ikipata joto, dai ndo kifuniko (dai namaanisha kile chuma chenye tundu ambapo plastiki inatokea). Kama presha inavuja kabla ya kufika kwenye dai, povu linazaliwa ndani ya mashine, vijipovu vinaungana vinakuwa mapovu, na hakuna dawa ya kurudisha. Shika hilo, mengine yote yanatoka humo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAWASHA CHOCHOTE

- Ekstruda ya skrubu moja. Urefu wa skrubu uwe angalau mara 24 ya kipenyo chake, chini ya hapo dawa haipati muda wa kuchemka vizuri.
- Geji ya presha kwenye kichwa, karibu na dai. Wengi mnayo iliyokufa tangu mashine inunuliwe ikiwa mtumba. Badilisha. Bila geji unapika gizani.
- Krosihedi (kichwa cha mashine ambapo kiini kinapita na kuvikwa plastiki) na dai za saizi tatu au nne zinazopishana kwa sehemu ya kumi ya milimita. Zangu zimechongwa Katwe, kwa mafundi chuma wa Kampala, zikapigwa msasa mpaka zikang'aa kama kioo. Mkwaruzo mmoja ndani ya dai unakuandikia mstari kwenye kilomita nzima.
- Beseni la kupoza linaloweza kusogezwa mbele na nyuma. Kama limejengewa kwa sementi, pole, tafuta la chuma lenye magurudumu.
- Polithini ya daraja la kebo, nyeusi, yenye kaboni nyeusi kama asilimia 2 mpaka 2.6. Hapa kwetu jua linapiga utosini mwaka mzima, jaketi isiyo na kaboni ya kutosha inapasuka.
- Dawa ya povu ya punje (masterbachi), pamoja na karatasi yake ya maelezo. Usinunue isiyo na karatasi.
- Mizani inayosoma gramu 0.01 kama zile za masonara, kalipa, wembe mpya, na lenzi ndogo ya kubandika kwenye kamera ya simu.
- Kinga ya uso mzima, glavu za joto, na barakoa ya vumbi kama utagusa dawa ya unga.

Kuhusu punje. Polithini ina aina zake: LDPE ni ya densiti ndogo, MDPE ya densiti ya kati, LLDPE ya densiti ndogo isiyo na matawi marefu. LDPE inashika povu vizuri kwa sababu molekuli zake zina matawi marefu, ikiyeyuka inanyumbuka bila kukatika, ukuta wa kijipovu unavumilia. Ubaya wake LDPE peke yake inaweza kufanya nyufa ikikaa imekunjwa huku imeguswa na sabuni au mafuta. MDPE na LLDPE ni ngumu zaidi nje lakini povu lake ni kaidi. Mi nachanganya. Chagua daraja lenye mtiririko mdogo, karatasi ikisema kati ya 0.2 na 1 gramu kwa dakika 10 uko sawa. Na tafadhali, punje za kaveera (mifuko ya plastiki) zilizorudishwa weka kwenye mabomba ya shamba. Najua bei inavutia. Ndani yake mna mchanga na vipande vya karatasi, na kila chembe ya mchanga ni mahali gesi inapenda kukusanyikia, utapata tundu hapo, kila mara.

Kuhusu dawa, utakutana na aina mbili kubwa. Moja ni ADC, azodikabonamaidi kwa jina refu, ya rangi ya njano kuelekea chungwa. Ikiwa tupu inaanza kuvunjika kwenye nyuzi joto 200 hivi, lakini ikichanganywa na zinki oksaidi inashuka mpaka 160 au 170. Gramu moja inatoa gesi kama mililita 220, nyingi ikiwa naitrojeni, na ikivunjika inatoa joto lake yenyewe. Ya pili ni ukoo wa soda ya kuokea, sodiamu baikaboneti na asidi ya sitriki, inatoa kaboni daioksaidi na mvuke wa maji, nayo inakula joto badala ya kulitoa. Vijipovu vyake ni vidogo na vya kufanana. Kwa anayeanza nasema chukua ya soda. ADC ina nguvu zaidi kwa gramu, lakini vumbi lake linaleta pumu kwa mtu anayelivuta kila siku, namjua jamaa alibadilisha kazi kwa sababu hiyo. Ukilazimika kutumia ADC nunua ya punje, usinunue ya unga.

HATUA

1. Piga hesabu kwenye karatasi kwanza.

Tuseme kiini cha kebo yako, yaani vyote vilivyo ndani ya ganda, ni milimita 4, unataka ganda la milimita 1, kebo nzima inakuwa milimita 6. Eneo la ganda ni 36 (6 mara 6) toa 16 (4 mara 4), ni 20, zidisha kwa 0.785 (robo ya pai), unapata milimita za mraba 15.7. Polithini nyeusi ina densiti kama 0.95, kwa hiyo mita moja ya ganda lisilo na povu ni gramu 14.9, kilomita moja kilo 14.9. Ukipunguza asilimia 20 inakuwa kilo 11.9. Andika hizi namba mbili ukutani kwa chaki, ndo lengo lako, 14.9 na 11.9.

Sasa dai. Plastiki ikitoka itavimba, kwa hiyo tundu lazima liwe dogo kuliko kebo iliyokwisha. Plastiki halisi unayohitaji ni asilimia 80 ya 15.7, yaani 12.6. Gawa kwa 0.785, jumlisha 16 ya kiini, unapata 32, kipeuo chake cha pili ni 5.66. Anza na dai ya 5.6, weka ya 5.5 na 5.7 pembeni. Watu wanaweka dai ya 6 kamili au hata ya 7 halafu wanaivuta kebo kwa kasi ili ikonde. Usivute povu! Ukilivuta, vijipovu vinakuwa virefu kama punje za mchele na ganda linachanika kwa urefu kama ndizi inavyomenywa. Tumia zana za presha, zile ambazo plastiki inashika kiini ndani ya dai palepale, achana na zile za kutoa bomba halafu likalalia kiini nje.

2. Kausha kila kitu. Kila kitu.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo nimelia. Polithini yenyewe hainywi maji, ndo maana watu wanadhani hakuna cha kukausha. Lakini kaboni nyeusi iliyomo ndani inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya huku karibu na ziwa mnaijua. Punje nyeusi zipe saa 3 au 4 kwenye nyuzi 70 mpaka 80. Dawa ya povu usiikaushe kwa joto, iweke tu kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Halafu kiini. Kebo nyingi za faiba zina nyuzi za njano za aramidi kwa ajili ya nguvu. Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tunajaribu jaketi hii, tukaacha drami ya nyuzi karibu na mlango wa lori usiku kucha. Asubuhi kebo inatoka nzuri mita 30, halafu vinatokea malengelenge upande wa ndani, yanasukuma ganda nje, ukiyabonyeza kwa kidole yanazama kama lengelenge la jembe. Nikapunguza dawa. Yapo. Nikabadilisha joto. Yapo. Nikatoa dawa kabisa nikapiga ganda lisilo na povu, na malengelenge yapo! Siku mbili zimeisha hivyo. Mzee mmoja wa zamu ya usiku, aliyeanzia maisha kwenye kuoka mikate, akaja akashika zile nyuzi akasema hizi ni mbichi. Nikakata gramu 100 nikaweka kwenye oveni saa mbili, zikabaki 95 na kitu. Gramu zilizopotea zilikuwa maji, na maji yakikutana na plastiki yenye joto la nyuzi 180 unajua yanakuwa nini. Tangu hapo drami za nyuzi zinalala kwenye chumba chenye hita, zimefungwa kaveera.

3. Pima dawa, tena kidogo kuliko unavyodhani.

Masterbachi nyingi zina dawa halisi asilimia 20 hivi, iliyobaki ni plastiki ya kuibeba tu, soma karatasi. Tufanye hesabu ya ADC ili uone. Kilo moja ya plastiki ikishuka asilimia 20 inahitaji gesi kama mililita 260. Kwa mililita 220 kwa gramu, hiyo ni gramu 1.2 ya dawa halisi kama hakuna inayopotea. Nyingine inapotea, sema gramu 2. Maana yake ni gramu 10 za masterbachi kwa kilo, asilimia 1. Na wewe uliweka 3. Ni kama mandazi, ukimimina beking pauda kijiko cha supu hayawi makubwa, yanapasuka na kunywa mafuta.

Dawa ya soda inatoa gesi pungufu kwa gramu, kwa hiyo dozi yake inapanda kidogo. Kwa yoyote ile anza na asilimia 0.5, panda kwa robo robo ya asilimia. Changanya kwenye ndoo safi kiasi cha nusu saa ya kazi tu, usichanganye gunia zima, ukichanganya gunia zima na dozi ikawa si yenyewe utafanya nini nalo?

4. Panga joto.

Mwanzo wa pipa (lile bomba la chuma lenye skrubu ndani), chini ya hopa (pale unapomimina punje), baridi: 130 mpaka 140. Dawa isianze kuchemka hapo manake gesi itarudi nyuma na kutokea kwenye hopa, utasikia inapumua. Sehemu ya pili 165. Ya tatu na ya nne 190 mpaka 200, hapo ndo dawa inavunjika. Halafu shusha tena: krosihedi 175, dai 165 mpaka 170. Wengi wanasahau kushusha. Plastiki ikifika kwenye dai ikiwa moto sana inakuwa kama uji, haina nguvu ya kushika gesi, vijipovu vinapasuka juu na ngozi inakuwa kama msasa. Ya baridi kidogo ni kama asali, inashika. Kwa ADC isiyo na zinki pandisha sehemu za katikati mpaka 205 au 210. Na usiamini namba za paneli ya mashine kuukuu, choma kipimajoto cha sindano kwenye plastiki inayotoka mara moja, uone tofauti.

5. Anza bila dawa.

Piga plastiki tupu dakika 20, hakikisha kiini kiko katikati ya ganda pande zote. Kata kipande, pima kwa kalipa sehemu nne. Kama upande mmoja ni 0.8 na mwingine 1.2 rekebisha boliti za krosihedi sasa, kwa sababu povu litaikuza hiyo kasoro, upande mnene unakaa na joto muda mrefu, unavimba zaidi, kebo inakuwa na tumbo.

6. Leta dawa, na usimame pembeni.

Mchanganyiko wa kwanza ukifika kwenye dai utausikia kabla hujauona. Inaanza kwa pu, pu, kama matoke yanayochemka ndani ya majani, halafu inatema. Ile ni hewa na gesi iliyotangulia, ni ya moto, na inaweza kurusha kipande cha plastiki kikakushika usoni. Kinga ya uso ivaliwe hapa, hata kama unajiona mzoefu. Baada ya dakika chache inatulia na uso wa plastiki unakuwa mfifu badala ya kung'aa. Ndo povu hilo.

7. Soma presha, usisome povu.

Hii ndo hatua yenyewe. Mi siiachi presha ya kichwa ishuke chini ya bar 80. Chini ya hapo gesi inaanza kutoka kwenye plastiki kabla ya dai, ile soda inavuja kifuniko. Ikiwa chini unafanya hivi kwa mpangilio huu: ongeza kasi ya skrubu (na kasi ya kuvuta kebo pamoja nayo, la sivyo ganda litanenepa), kama haitoshi shusha joto la dai nyuzi 5, kama haitoshi weka dai yenye tundu dogo zaidi. Hujaona nimetaja dawa hapo. Watu wakiona povu baya mkono unakimbilia dawa, wanaongeza, gesi inazidi, presha haijabadilika, mapovu yanakuwa makubwa zaidi, wanaongeza tena. Nimeona gunia zima la dawa likiisha kwa ugonjwa ambao ulikuwa ni dai kubwa kwa milimita 0.3.

Presha pia isichezecheze. Sindano ikienda 80, 110, 70, 100, basi kipenyo cha kebo nacho kinacheza hivyohivyo. Mara nyingi ni hopa, punje zinakwama shingoni, au wavu wa kuchuja umeziba nusu.

8. Maji.

Umbali kutoka dai mpaka maji ndo breki ya povu. Karibu, plastiki inagandishwa haraka, vijipovu vidogo, uzito haupungui sana. Mbali, vinaendelea kukua mpaka vinakutana. Anza sentimita 20, sogeza kwa sentimita 5. Na kwa kuwa beseni lina magurudumu hiyo ni kazi ya sekunde, ndo maana nilisema usilijengee.

9. Pima, kata, tazama.

Chukua mita moja, chuna ganda lote bila kuacha vipande, weka kwenye mizani. Gramu 11.9? Umefika. 13? Bado. 10? Umepitiliza, rudi. Namba hizi zina maana tu kama kipenyo kimebaki 6, kwa hiyo kalipa kwanza halafu mizani.

Halafu wembe. Kata kipande chembamba kama karatasi, kipige picha na lenzi ya simu dhidi ya dirisha. Unachotaka ni vijipovu vya duara, vimetengana, vidogo kuliko sehemu ya kumi ya unene wa ganda, yaani chini ya milimita 0.1 kwa ganda letu. Ukiona kimoja kimetoboa kutoka ndani mpaka nje, hapo maji ya mvua yana mlango. Tumbukiza pia kipande kwenye maji yenye wino usiku mmoja ncha zikiwa zimezibwa kwa nta, asubuhi kichane, wino ukiwa umeingia ndani povu lako limeungana na si la kuziba.

10. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara.

Daftari. Saa, joto, presha, kasi, umbali wa maji, gramu. Subiri dakika 10 kila ukibadilisha, mashine haina haraka kama wewe.

11. Ukipata povu zuri, livalishe ngozi.

Kama una ekstruda ya pili ndogo, piga ngozi nyembamba ya MDPE isiyo na povu juu, milimita 0.2 tu. Hapo ile hasara ya kukwaruzika inaondoka karibu yote. Kama huna, usikate tamaa, shusha joto la dai nyuzi 5 na maji yawe karibu, ngozi ya juu itaganda yenyewe bila povu, nyembamba lakini ipo.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kutumia kipimo cha cheche kwenye kebo ya faiba isiyo na chuma ndani na kufurahi kuwa haijalia. Haiwezi kulia! Kile kipimo kinataka chuma ndani ya kebo kilichounganishwa na ardhi ndo cheche ipite kwenye tundu. Kama kebo yako ina waya wa chuma wa kubebea, sawa, kitumie kwa sehemu ile. Kama haina, rudi kwenye wino na macho.

Kingine ni kuuza kabla ya kupima mvuto. Vipimo vya ganda la kebo viko kwenye mfululizo wa kiwango cha kimataifa IEC 60811, mvuto, kuzeeshwa kwa joto, densiti, vyote. Polithini ya ganda isiyo na povu inatakiwa kunyumbuka mpaka asilimia 300 kabla ya kukatika, ya kwako yenye povu itakuwa chini, na mteja lazima aijue namba hiyo kabla ya kununua. Ongea na UNBS, shirika la viwango la Uganda, mapema kuhusu kiwango utakachopimwa nacho, usiende na kontena limejaa.

IKIHARIBIKA

Ngozi mbaya kama msasa: dai au krosihedi ni moto sana, shusha. Kama haiponi, dozi imezidi.

Mapovu makubwa machache badala ya madogo mengi: presha kwanza. Ikiwa presha iko sawa, gesi haina mahali pa kuanzia, ongeza talki laini asilimia 0.5, kila chembe inakuwa mbegu ya kijipovu. Dawa nyingi za soda hazihitaji talki.

Malengelenge upande wa kiini: maji. Nimeshalia hapo juu.

Povu zuri kwenye dai, linasinyaa majini: plastiki bado ni moto ndani inapoguswa na kapstani (gurudumu la kuvuta kebo), au gesi ni kaboni daioksaidi tupu inayotoroka haraka kuliko hewa inavyoingia. Ongeza urefu wa maji, punguza kasi. Na usipime kipenyo cha mwisho kebo ikiwa bado na joto, iache ilale mpaka kesho.

Madoa ya njano na harufu ya mkojo: ADC haijavunjika yote, ile harufu ni amonia. Pandisha sehemu ya tatu nyuzi 5 hadi 10, fungua madirisha.

Uzito haupungui hata ufanyeje: sikiliza hopa. Ikiwa inapumua, gesi inarudi nyuma, shusha joto la sehemu ya kwanza na uhakikishe maji ya kupoza shingo ya hopa yanapita.

Povu upande mmoja tu: kiini hakiko katikati, au kebo inalala chini ndani ya beseni na upande wa juu uko nje ya maji.

Kuzima mwisho wa siku: usiache dawa ndani ya pipa moto ukaenda kula. Maliza na plastiki tupu mpaka itoke inang'aa bila povu, ndo uzime.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo sina haja ya kukueleza hutokea: skrubu imesimama, pipa bado moto, dawa inaendelea kuchemka na gesi haina pa kwenda. Dai ndo inapoa kwanza, plastiki inaganda pale inakuwa kizibo. Umeme ukirudi, mtu ana haraka, anawasha hita zote kwa pamoja, pipa linapata moto wakati kizibo bado kigumu, na nyuma yake kuna presha ya nusu saa. Washa hita za dai na krosihedi peke yake kwanza, subiri mpaka plastiki ianze kudondoka yenyewe bila skrubu, halafu ndo pipa, halafu skrubu kwa kasi ya chini kabisa. Hopa iwe imefunikwa, na mtu yeyote asipite mbele ya dai mpaka imalize kutema.